Mwongozo Kamili wa Kufuga Mkunga Katika Tangi la Maji ya Chumvi Nyumbani

Mkunga, samaki wa baharini mwenye umbo la nyoka, ni samaki mgumu. Huvumilia makosa ya maji ambayo yangewamaliza samaki wengi wa matumbawe kwa siku chache, haugui ovyo, na akishazoea kula anaweza kukaa na mfugaji wake kwa miaka 10, 15 na hata zaidi. Kwa hiyo mikunga wanaofia mikononi mwa wafugaji hawafi sana kwa maradhi. Sababu kubwa ni mbili, na zote huamuliwa kabla samaki hajafika nyumbani: ama alinunuliwa mkunga asiyelingana na tangi lililopo, ama tangi liliachwa na upenyo, naye akautumia. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye uchaguzi na kifuniko, na kuyapitia kwa haraka mambo ambayo mfugaji yeyote wa samaki wa baharini anapaswa kuyajua tayari.

Hatua ya kwanza: kumchagua mkunga kwa meno yake

Familia ya mikunga, ambayo wanasayansi huiita Muraenidae, ina spishi zipatazo 200, nazo hutofautiana kwa urefu kuanzia sentimita 30 au pungufu hadi karibu mita 4. Kwa mfugaji, mgawanyo wenye maana kuliko wote ni wa meno. Kuna mikunga wenye meno butu mfano wa magego, yaliyoumbwa kuvunja magamba ya kaa na kamba; hawa ni hasa wa jenasi za Echidna na Gymnomuraena. Kuna pia wenye chonge ndefu zenye ncha, zinazofaa kumshika samaki anayeteleza. Humo wamo wengi wa jenasi za Gymnothorax na Enchelycore. Kundi la kwanza linaweza kuishi na samaki wengine kwa miaka mingi bila kuwagusa. Kundi la pili humhesabu kila samaki anayeenea kinywani kuwa ni chakula kilichochelewa kuliwa.

Kwa anayeanza, hakuna chaguo bora kuliko Echidna nebulosa, ambaye katika mwongozo huu nitamwita mkunga madoa. Ni samaki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwenye mwili mweupe uliotapakaa mabaka meusi yenye nukta za manjano. Baharini anaweza kufikia mita 1, lakini wengi wanaofugwa huishia kati ya sentimita 60 na 75. Hula upesi, huzoea watu, na huonekana mchana mara nyingi kuliko mikunga wengine, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyegharamia tangi zima ili amwone.

Wa pili kwa ubora ni Gymnomuraena zebra, mkunga milia, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea na mistari myembamba myeupe kuanzia puani hadi mkiani. Huyu ni mpole kuliko wote, ila anaweza kufikia mita 1.5, hivyo tangi lake ni kubwa zaidi, na mara nyingi huchelewa kuanza kula anapohama. Mwenye nafasi ndogo anaweza kumtafuta Gymnothorax melatremus, kibete wa manjano asiyezidi sana sentimita 25, ambaye tangi la lita 100 linamtosha. Ajue tu kwamba kibete huyo ana meno ya ncha, hivyo samaki na kamba wadogo sana hawako salama naye, na kwamba udogo wake humwezesha kupenya mahali ambapo mfugaji asingedhani panapitika.

Wapo pia wa kuwaacha. Mkunga utepe, Rhinomuraena quaesita, ndiye anayewavuta wengi kwa uzuri: akiwa mchanga ni mweusi, dume lililokomaa huwa la buluu, na baadaye hugeuka jike la manjano. Huyu hugoma kula kiasi kwamba wengi hufa kwa njaa miezi michache baada ya kunaswa, na si halali kumjaribia mkono. Gymnothorax javanicus hufikia mita 3, na Gymnothorax favagineus, mwenye madoa kama sega la asali, naye hukua akalishinda karibu kila tangi la nyumbani. Wote wawili huuzwa wakiwa wembamba kama kidole na wa kupendeza. Gymnothorax tile huuzwa kama mkunga wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na hiyo si kweli: anahitaji maji yenye chumvi, na akiwekwa kwenye maji baridi hudhoofika polepole mpaka anakufa.

Majina ya biashara hayana msimamo, kwa hiyo muulize muuzaji jina la kisayansi, kisha ulitafute mwenyewe na uone urefu wa samaki aliyekomaa. Mwombe pia amlishe mkunga huyo mbele yako. Anayekula dukani atakula nyumbani, ingawa huenda ikamchukua muda. Mtazame ngozi kama ina vidonda, pua kama imechubuka kwa kusuguliwa kwenye kioo, na nyama ya nyuma ya kichwa kama imebonyea, kwa kuwa mbonyeo huo ni dalili ya njaa ya muda mrefu. Kinywa kinachofunguka na kufunga bila kukoma si hasira wala ugonjwa: matundu ya matamvua yake ni madogo, na hiyo ndiyo njia yake ya kuyasukuma maji yapite.

Hatua ya pili: tangi na mahali pake

Mkunga hatembei sana, hivyo hahitaji kimo cha maji bali eneo la chini. Kwa mkunga madoa mmoja, tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, yaani lita 300, ni kipimo kizuri. Chini ya lita 200 nisingeshauri hata kwa mkunga mchanga, kwa kuwa atakua. Mkunga milia anataka lita 450 au zaidi, na upana usiopungua sentimita 60 ili aweze kujikunja na kugeuka bila kusugua pua.

Tangi la lita 300 likishajaa maji, miamba na mchanga huzidi kilo 400 pamoja na meza yake. Liweke juu ya sakafu imara iliyo sawa, mbali na jua la moja kwa moja na mbali na mlango unaogongwa mara kwa mara. Soketi za umeme ziwe juu au kando ya tangi, na kila waya ulegee chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji linaloufuata lidondokee sakafuni.

Hatua ya tatu: miamba kabla ya mchanga

Miamba ipangwe juu ya kioo cha chini, kisha mchanga umwagwe kuizunguka. Ukiianzisha juu ya mchanga, mkunga atachimba chini yake usiku mmoja, na mwamba wa kilo 8 ukimwangukia yeye au kioo, hasara ni kubwa. Mawe makubwa yafungwe kwa gundi ya akwaria, kisha uyasukume kwa mkono kwa nguvu. Kinachotikisika kwa mkono wako kitaangushwa na mgongo wake.

Maficho yawe zaidi ya moja, na angalau moja liweze kuumeza mwili wote, kichwa na mkia. Mkunga anayelazimika kuacha nusu ya mwili nje hatulii, na asiyetulia hutafuta njia ya kutoka. Bomba jeupe la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5, lililozikwa mchangani au kufichwa nyuma ya miamba, hufanya kazi vizuri kuliko pango lolote la kununua. Lina faida nyingine pia: siku ya kumhamisha, huziba mdomo huu na ule kwa viganja vilivyovaa glavu nene, ukamwinua akiwa ndani bila kumgusa. Wavu wa kuvulia usiutumie, kwani hujisokota humo mpaka ngozi inachubuka.

Hatua ya nne: kifuniko

Kama mwongozo huu ungekuwa na neno moja tu, lingekuwa kifuniko. Mkunga anapita popote kichwa chake kinapopita, na mwili mzima ni msuli unaoweza kusukuma kioo kikainuka. Isitoshe, nchi kavu haimtishi sana. Mwaka 2021 Rita Mehta na Kyle Donohoe wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walionyesha kwamba mkunga madoa anaweza kutoka kwenye maji, akakamata chakula juu ya mteremko mkavu, akakimeza huko huko bila kukirudisha majini. Siri iko kooni: nyuma ya taya za mbele ana jozi nyingine ya taya zenye meno, ambazo huruka mbele, hushika chakula na kukivuta ndani ya koo. Taya hizo zilielezwa na Mehta na Peter Wainwright mwaka 2007. Samaki wengine hutegemea mkondo wa maji ili kumeza, yeye hautegemei. Mnyama wa namna hiyo haoni ukingo wa tangi kuwa mwisho wa dunia.

Basi fanya hivi. Funika juu yote kwa kioo, plastiki ngumu au wavu wa plastiki wenye matundu madogo uliofungwa kwenye fremu. Wavu una sifa ya kupitisha hewa na kupunguza joto, lakini fremu yake lazima ibanwe kwa vibanio kila upande. Kioo kinahitaji uzito juu yake au vibanio pia. Baada ya kufunika, zunguka tangi ukiwa na kalamu ya kawaida mkononi. Kila mahali ambapo kalamu inapenya, mkunga mchanga naye atapenya. Utakuta upenyo pale ambapo huoni kwa macho: mahali nyaya za hita na pampu zinapopita, pembeni mwa bomba la kurudisha maji, na kwenye kona ambako kioo kilikatwa ili mkono wa kulishia uingie. Ziba kwa sifongo nzito iliyobanwa au kwa vipande vya plastiki vilivyokatwa kwa kipimo. Sifongo iliyolegea ataisukuma nje kwa pua, kwa hiyo ivute mwenyewe kwanza uone kama inatoka.

Njia ya pili ya kutorokea iko ndani ya tangi lenyewe. Ikiwa maji humwagikia kwenye tangi la vichujio lililo chini, mkunga mwembamba atapita kwenye meno ya kimwagio, yaani mianya ya juu ambamo maji humwagikia, na kuteremka na bomba. Funga sehemu hiyo kwa wavu wa plastiki, na uusafishe kila wiki usije ukaziba na kumwaga maji sakafuni. Midomo ya kufyonzea ya pampu ivalishwe sifongo. Hita iwekwe kwenye tangi la chini, au ndani ya kizimba cha plastiki, kwa sababu mkunga hupenda kuizunguka na huweza kuungua au kuivunja.

Hatari huwa kubwa zaidi wiki za mwanzo, na hasa usiku. Ukimkuta sakafuni, usikate tamaa kwa haraka. Mkunga huishi nje ya maji kwa muda mrefu kuliko mtu anavyodhani mradi ngozi yake bado ina unyevu. Mshike kwa taulo lililoloweshwa, mrudishe karibu na mkondo wa pampu, na umpe saa kadhaa kabla ya kuamua kwamba amekufa.

Hatua ya tano: vichujio na maji

Mkunga hula nyama nyingi kwa mkupuo mmoja na hutoa taka kwa mkupuo pia. Siku moja au mbili baada ya mlo, tangi dogo lenye kichujio dhaifu linaweza kuonyesha amonia, sumu itokanayo na taka, ambayo haikuwepo. Kwa sababu hiyo chagua skima ya povu, yaani kifaa kinachoondoa taka majini kwa mapovu, iliyotengenezwa kwa tangi lenye ujazo maradufu ya lako, weka miamba yenye vinyweleo vingi kwa ajili ya bakteria, na tumia kaboni ya kuchujia inayobadilishwa kila mwezi. Mkondo wa maji uwe wa wastani, ila uso wa maji usukwesukwe vizuri ili oksijeni iingie, hasa kwa kuwa kifuniko kimezuia hewa.

Chumvi ya akwaria huchanganywa kwa takriban gramu 35 hadi 38 kwa lita moja ya maji yaliyochujwa, kwenye ndoo yenye pampu na hita, na huachwa ikizunguka usiku mzima. Usiichanganye ndani ya tangi lenye samaki. Lengo ni uzito mahususi, yaani kipimo cha chumvi majini, wa 1.023 hadi 1.026, joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, pH ya 8.1 hadi 8.4, amonia na nitriti, ambayo nayo ni sumu, sifuri, na nitrati, zao la mwisho la taka lisilo na sumu kali, chini ya miligramu 40 kwa lita. Rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga, iliyorekebishwa kwa kimiminika chake cha kupimia hutoa jibu la kuaminika kuliko haidromita ya plastiki yenye sindano, ambayo kiputo kimoja cha hewa huipotosha.

Kabla ya samaki yeyote kuingia, tangi likomae. Tia amonia safi mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha subiri na kupima. Amonia hushuka, nitriti hupanda, halafu nitriti nayo hushuka na nitrati kubaki. Tangi limekuwa tayari pale ambapo dozi hiyo hiyo ya amonia hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha nitriti. Mara nyingi hilo huchukua wiki 4 hadi 6. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, na hapo ndipo uende kumleta mkunga.

Hatua ya sita: kumpokea

Safarini mkunga hutoa ute mwingi, na mara nyingine maji ya mfuko hufika yakiwa na povu. Zima taa za tangi, fifiza za chumbani, elea mfuko kwa dakika 15 ili joto lilingane, kisha mhamishie kwenye ndoo yenye kifuniko na uyadondoshe maji ya tangi polepole kwa mpira mwembamba kwa takriban dakika 45. Maji ya mfuko yasiingie katika tangi. Mwelekeze ndani ya bomba la plastiki, ulishushe bomba hilo mahali pake, ufunike, na uondoke.

Anayeweza kumweka kwanza katika tangi la karantini, yaani la kumtenga na samaki wengine, kwa wiki 3 au 4 afanye hivyo, mradi tangi hilo nalo lina bomba la kujifichia na kifuniko kilichobanwa. Tangi tupu lisilo na maficho humdhuru kuliko maradhi yanayoogopwa.

Hatua ya saba: kumlisha

Usimpe chochote siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo, jaribu jioni taa zikiwa zimefifia. Kugoma kwa wiki moja hadi nne si jambo la ajabu, na mkunga mwenye mwili mzuri halipi gharama kubwa kwa mgomo huo. Kinachomdhuru zaidi ni mfugaji anayemsumbua kila saa kwa kipande kipya. Toa chakula mara moja kila siku mbili, kiache karibu na tundu lake kwa saa moja, kisha kiondoe. Kwa mkunga milia anayegoma, kipande cha kaa mbichi mwenye gamba lililovunjwa hufungua kinywa ambacho kamba aliyemenywa ameshindwa kukifungua.

Macho ya mkunga ni hafifu, na dunia yake ni ya harufu. Ukimtazama kwa makini utaona jambo hili waziwazi. Nyama inapogusa maji hakuna kinachotokea kwa nusu dakika. Kisha kichwa kinatoka tunduni, vijibomba viwili vya puani vikiwa vimesimama, kikapepesuka kushoto na kulia. Anaipita nyama iliyo mbele ya macho yake, anarudi, anaigusa kwa pua, ndipo anauma, na mara nyingi huuma koleo kwanza. Akishika kipande kikubwa mno, hujifunga fundo mkiani, akalivuta fundo hilo mpaka kichwani na kulitumia kama egemeo la kung'olea nyama. Ni mandhari ya kuvutia, lakini ukiyaona kila mara, jua kwamba vipande vyako ni vikubwa. Kata visivyozidi upana wa kichwa chake.

Mfundishe tangu mwanzo kula kwenye koleo refu la sentimita 40 au zaidi, lenye ncha butu za plastiki au mbao. Chuma chenye ncha humvunja meno. Ishike nyama kwa ukingo, itikise kidogo, na akishaishika iachie mara moja bila kuvutana naye.

Chakula cha msingi kwa wenye meno butu ni kamba wenye maganda, kaa, nyama ya kome na vipande vya ngisi. Wenye chonge waongezewe minofu ya samaki wa baharini. Nyama iliyogandishwa iyeyushwe ndani ya jokofu, isuuzwe, na mara moja kwa wiki iloweshwe vitamini zenye thiamini, yaani vitamini B1. Sababu yake ni kwamba baadhi ya samaki na kamba wana kimeng'enya kinachoivunja vitamini hiyo, na mkunga anayelishwa aina moja ya chakula mwaka mzima huweza kupungukiwa bila dalili za mapema. Samaki hai wa maji baridi, hasa wale wa dhahabu wanaouzwa kama chakula, wasitumike: wana kimeng'enya hicho, mafuta yao hayamfai samaki wa baharini, na humfundisha mkunga kwamba kinachoogelea huliwa.

Mkunga mchanga alishwe kila baada ya siku mbili, na aliyekomaa mara mbili kwa wiki, kiasi cha kufanya tumbo livimbe kidogo tu. Mkunga atakuja kuomba kila umkaribiapo, na huo si ushahidi wa njaa. Mafuta humzidi haraka kwa kuwa siku nzima amelala pangoni.

Hatua ya nane: majirani wa tangini

Kamba, kaa, na hata kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono ni chakula kwa mwenye meno butu. Usihesabu kwamba watabaki. Samaki wafaao ni wale wenye mwili mpana, wasiolala mchangani, na wakubwa kiasi cha kutoenea kinywani, kama vile kangaja na baadhi ya chewa wadogo. Kikande ni wa kuangaliwa, kwa kuwa wengine wana tabia ya kuuma pezi na mkia wa mkunga aliyelala. Walishe samaki wengine kwanza, upande wa pili wa tangi, la sivyo watamnyang'anya mkunga nyama kabla pua yake haijaipata, naye katika kuparamia harufu huweza kumuuma jirani bila kukusudia.

Mkunga hali matumbawe, ila huyaangusha, na taka zake huinua nitrati kupita kiwango ambacho matumbawe magumu huvumilia. Aina laini, zilizogundishwa kwenye mwamba, zina nafasi nzuri zaidi. Mikunga wawili wa spishi moja wenye urefu unaolingana wanaweza kukaa pamoja wakiingizwa siku moja. Mkubwa na mdogo wasichanganywe.

Hatua ya tisa: mkono wako ndani ya tangi

Mkunga hamvamii mtu, lakini kidole chenye harufu ya nyama ni nyama. Kabla ya kuingiza mkono, osha harufu ya chakula, tafuta kichwa chake kiko wapi, na kama hukioni subiri mpaka ukione. Usifanye usafi siku ya kumlisha. Usimlishe kwa vidole hata kama amekuwa mpole kwa miaka mingi, kwa sababu upole haumwongezei macho.

Akikuuma, jizuie usivute mkono kwa nguvu: meno yameelekea nyuma, na kuvuta ndiko kunakochana. Mara nyingi akigundua si chakula huachia. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi safi, bana ili damu isimame, na umwone daktari hata kama jeraha ni dogo, umweleze kwamba limetokana na samaki wa baharini, kwani bakteria wa maji ya chumvi huhitaji dawa mahususi na chanjo ya pepopunda huenda ikahitajika.

Hatua ya kumi: afya na matunzo ya kila wiki

Mwili wa mkunga hauna magamba, bali ute mzito, na ute huo humkinga na vimelea vingi vinavyowasumbua samaki wengine. Ugonjwa wa vidoa vyeupe humpata kwa nadra. Ngozi hiyo hiyo humfanya adhurike upesi na dawa, hasa zenye madini ya shaba. Samaki mwingine akiugua, mtibu yeye katika tangi la pembeni, usitie shaba katika tangi la mkunga. Mikwaruzo midogo hupona yenyewe maji yakiwa safi. Mdomo uliovimba, weupe unaoenea kwenye ngozi, au kupumua kwa kasi kuliko kawaida vikuambie upime maji kabla ya kufikiria dawa.

Kila siku tazama joto na uhakikishe umemwona au umeona pua yake. Kila wiki pima nitrati na uzito mahususi, mwaga kilichomo katika chombo cha skima, na ongeza maji yasiyo na chumvi kufidia yaliyovukizwa, kwa kuwa chumvi haivukizwi. Kila wiki mbili badilisha asilimia 15 hadi 20 ya maji, yaani lita 45 hadi 60 kwa tangi la lita 300. Kila unapomaliza kazi, pita tena kwenye vibanio vya kifuniko. Wengi waliotoroka walitoroka usiku wa siku ya usafi.

Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza ni oksijeni, si joto. Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha kwa saa nyingi, na wakati huo asipewe chakula. Ikiwa mkunga amelizidi tangi au mfugaji analazimika kuhama, ampeleke kwa mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi, kwa muuzaji anayekubali kumpokea, au kwa akwaria ya umma. Kumwachia baharini hakufai kimaadili wala kimazingira, hata pale spishi yake inapopatikana humo, kwa sababu vimelea na bakteria alivyovipata katika tangi huenda naye.